Ni Nini Humwamua Mpiga Kura? Mhadhara kuhusu Njombe na Makambako

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wa mji, viongozi wa dini, walimu, wafanyabiashara wa viazi na mbao, vijana na wageni waalikwa, kamwene. Salamu hiyo imetangulizwa kwa makusudi, kwa kuwa Mbena huitoa na Mhehe huiitikia bila kuulizana ukoo, na jambo hilo dogo litarejewa itakapofika zamu ya kujadili kabila na kura.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza mambo yanayomfanya mpiga kura wa Njombe na Makambako amchague mgombea huyu na kumwacha yule. Wataalamu wa sayansi ya siasa wamelijibu swali hilo kwa njia tatu. Kundi la kwanza lilianza na Paul Lazarsfeld na wenzake, waliowafuatilia wapiga kura wa wilaya moja ya jimbo la Ohio, Marekani, katika uchaguzi wa mwaka 1940, wakahitimisha kwamba mtu hupiga kura kama wapigavyo watu anaoishi, anaosali na anaofanya nao kazi. Kundi la pili, la Chuo Kikuu cha Michigan, lilisisitiza mwaka 1960 kwamba kinachoongoza kura ni mapenzi ya chama, ambayo mtoto huyapokea kwa wazazi wake kama anavyopokea dini. Kundi la tatu humfuata Anthony Downs, mchumi aliyeandika mwaka 1957 kwamba mpiga kura hupiga hesabu: hulinganisha faida atakayoipata kwa chama kimoja na ile ya chama kingine, kisha huchagua penye faida zaidi.

Nadharia zote tatu zina pengo moja linaloonekana vizuri zaidi kwa mtu aliyesimama katika njia panda ya Makambako kuliko kwa aliyeko Ohio. Zote huwachukulia wagombea kama bidhaa zilizokwisha kupangwa sokoni, na mpiga kura kama mnunuzi anayepita akichagua. Mhadhara huu unashikilia kwamba katika nyanda hizi sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika kabla bidhaa hazijafika sokoni, na kwamba kile kidogo kinachobaki mikononi mwa mpiga kura, yeye hukitumia kwa akili nyingi kuliko anavyosifiwa.

Hoja ya kwanza: orodha hulitangulia chaguo

Ibara ya 67 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano humtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho, na ibara ya 39 huweka sharti kama hilo kwa mgombea urais. Maana yake ni kwamba jina lisilopitia chama haliwezi kuonekana kwenye karatasi ya kura, hata kama mwenye jina hilo anakubalika kijiji kizima.

Mtu aliyelipinga sharti hilo kwa muda mrefu kuliko wengine alikuwa mzaliwa wa mkoa huu. Mchungaji Christopher Mtikila, mtu wa Milo katika Wilaya ya Ludewa, alifungua shauri akidai haki ya mgombea binafsi, yaani mgombea asiyedhaminiwa na chama chochote, na mwaka 1994 Mahakama Kuu mjini Dodoma, chini ya Jaji Kahwa Lugakingira, ilikubaliana naye. Bunge likabadilisha Katiba ili kuufunga mlango uliofunguliwa. Mtikila akarudi mahakamani na kushinda tena mwaka 2006, lakini mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba jambo hilo ni la Bunge na si la majaji. Alilipeleka katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikatamka kwamba Tanzania imekiuka haki ya raia ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake. Mtikila alifariki katika ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya Uchaguzi Mkuu, na karatasi za kura za uchaguzi huo hazikuwa na jina la mgombea binafsi hata mmoja.

Kwa kuwa chama ndicho mlango pekee, uamuzi mzito hufanyika katika kura za maoni, yaani kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea wake. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu kama Chama Cha Mapinduzi kilivyo katika majimbo ya Njombe, anayeshinda kura za maoni mara nyingi huwa amekwisha kuingia bungeni kabla mkulima hajapanga foleni. Inafaa basi kuuliza ni nani anayepiga kura hizo. Mwaka 2010 na mwaka 2015 CCM iliwaachia wanachama wote wa jimbo. Mwaka 2020 kazi hiyo ikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, na baadaye vikao vya juu vya chama ndivyo vilivyotamka neno la mwisho. Wasikilizaji wanaotabasamu wameikumbuka kauli ya Julai mwaka huo, kwamba wajumbe si watu, iliyosemwa na wagombea waliokuwa wameahidiwa kura na watu 300 wakaambulia tatu. Utani huo una elimu ndani yake. Mjumbe wa mwaka huo alifahamika kwa jina, alikuwa na simu, alifuatwa nyumbani usiku, na idadi ya wajumbe ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwenye fedha aliweza kuwafikia wote. Mkulima wa kawaida hafikiki kwa wepesi huo, na kwa sababu hiyo kura yake ni ngumu zaidi kununuliwa kuliko ya anayemchujia.

Hali ya kupita bila kupingwa nayo haikuanza jana. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na viti 58 kati ya hivyo havikupigiwa kura kabisa kwa kuwa hapakuwa na mpinzani. Miaka 60 baadaye, mwaka 2020, wabunge wa majimbo zaidi ya 20 walitangazwa kwa njia hiyohiyo baada ya wapinzani wao kuenguliwa au kujitoa. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imebadilisha jambo hilo kwa kuagiza kwamba mgombea aliye peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana, na mabadiliko hayo ni mema. Hata hivyo, katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, chama cha upinzani cha CHADEMA, ambacho kilikuwa kimeshika nafasi ya pili katika chaguzi tatu za urais zilizotangulia, hakikuwa na mgombea, baada ya Tume ya Uchaguzi kutangaza mwezi Aprili kwamba kwa kutosaini kanuni za maadili kimepoteza sifa ya kushiriki, nacho chama hicho kikiwa kinadai mageuzi ya sheria yatangulie. Maoni juu ya nani alikosea yanaweza kutofautiana, na humu ukumbini bila shaka yanatofautiana. Kwa mtafiti, linalobaki ni hili: mtu aliyezoea kukipa chama hicho kura yake mwaka huo hakuwa na cha kuchagua, na kura yake, au kutokwenda kwake kituoni, haiwezi kusomwa kama chaguo la kawaida.

Hoja ya pili: chama kama figa

Mazoea ya chama katika vijiji vya Njombe hayaelezeki kwa ilani, yaani kitabu cha ahadi za chama, kwa sababu ni wachache wanaoisoma. Huelezeka kwa balozi wa nyumba kumi. Tangu miaka ya 1960 balozi huyo, ambaye ni kiongozi wa shina la chama, amekuwa ndiye anayeamua ugomvi wa mipaka ya shamba, anayemtambulisha mgeni na anayepeleka taarifa ya msiba. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, kazi hizo kisheria zilikuwa zimehama au zilikuwa zinahamia kwa mwenyekiti wa kitongoji, lakini watu hawakubadilisha njia waliyoizoea. Kwa hiyo kadi ya chama ilibaki kuwa namna ya kuwa na uhusiano mwema na serikali iliyo karibu, na mtu aliyeirudisha alionekana kama aliyehama kijiji hali bado anaishi hapohapo.

Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyokusanya maoni nchi nzima mwaka 1991, iliripoti kwamba watu takriban 80 kati ya kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Wengi waliotaka hivyo walitaka pia chama hicho kijirekebishe, na Tume ikaona busara kupendekeza vyama vingi kwa kuheshimu wachache. Takwimu hiyo hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa woga. Inawezekana kuisoma vingine: kwamba kwa mwanakijiji chama hakikuwa kundi la kushindana bali sehemu ya utawala wa kila siku, na hakuna anayetaka utawala wa kila siku ugawanyike.

Kutokana na mazoea hayo ilizuka kaulimbiu ya mafiga matatu, inayomtaka mpiga kura ampe rais, mbunge na diwani wa chama kimoja kwa hoja kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Nguvu ya kaulimbiu hiyo ni kwamba imetoka jikoni na kila mtu anaielewa. Kasoro yake ni kwamba mafiga hubeba chungu wala hayakaguani, ilhali diwani na mbunge walichaguliwa, pamoja na mengine, ili wakague.

Hata hivyo mapenzi ya chama hayamfumbi mtu macho. Mbunge wa Ludewa aliyechaguliwa mwaka 2010, Deo Filikunjombe, alikuwa wa CCM, lakini Aprili 2012 alitia saini karatasi ya kuomba kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu wa serikali ya chama chake mwenyewe, na bado mwaka 2015 alisimamishwa tena na chama hichohicho. Alifariki katika ajali ya helikopta katikati ya Oktoba 2015, siku chache baada ya msiba wa Mtikila, na uchaguzi wa ubunge Ludewa ukaahirishwa hadi Desemba. Wilaya moja ilipoteza ndani ya mwezi mmoja mtu aliyetaka mgombea asiye na chama na mtu aliyekuwa na chama lakini akakisema. Wote wawili walikuwa na wapenzi, na mara nyingi wapenzi hao walikuwa watu walewale. Mpiga kura wa nyanda hizi, kwa hiyo, hupenda ukaidi kidogo, mradi ukaidi huo uwe ndani ya nyumba.

Hoja ya tatu: kabila, ukoo na mstari wa mpaka

Watu wa nje wanapozungumzia uchaguzi wa Afrika hukimbilia kabila. Watanzania nao hukimbilia kulikana. Mhadhara huu hauchukui upande wowote kati ya hizo mbili, kwa sababu kabila halina nguvu moja kila mahali. Nguvu yake hutokana na ukubwa wa uwanja ambamo kura inapigwa.

Ushahidi bora wa jambo hilo haupo mbali na hapa. Mtafiti Daniel Posner alichunguza Wachewa na Watumbuka wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Malawi na Zambia, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2004 yalionyesha kwamba upande wa Malawi makabila hayo ni wapinzani katika siasa, na upande wa Zambia ni ndugu. Lugha ni zilezile na mila ni zilezile. Tofauti ni kwamba Malawi ni nchi ndogo ambamo kila moja ya makabila hayo ni kubwa vya kutosha kuwa jeshi la kura, na katika Zambia yote mawili ni madogo, basi hujihesabu pamoja kama watu wa mashariki.

Sasa irudiwe ile salamu ya kamwene. Hadi mwaka 2012 Njombe, Ludewa na Makete zilikuwa wilaya za Mkoa wa Iringa, na katika uwanja huo mpana swali lililoulizwa wakati wa kugawana vyeo vya mkoa lilikuwa la Mhehe na Mbena, watu ambao salamu yao ni moja. Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka huo, uwanja ukapungua, Mhehe akabaki ng'ambo, na mara swali likawa la Mbena, Mkinga na Mpangwa. Ndani ya jimbo moja uwanja hupungua tena. Lupembe au Wanging'ombe, ambako wengi ni Wabena, kabila halimsaidii mgombea yeyote kwa kuwa wote wanalo, na badala yake husikika maneno ya tarafa na kata: huyu ni wa juu, yule ni wa bondeni; safari hii ni zamu yetu. Mgombea hatafutiwi kabila, hutafutiwa kaburi la babu yake.

Makambako ni uwanja wa namna nyingine. Mji huo umekuzwa na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya na Zambia, barabara ya Songea inayochipuka hapo, na stesheni ya reli ya TAZARA, na kwa sababu hiyo una Wabena waliozaliwa hapo, Wakinga wenye maduka, Wahehe, Wanyakyusa na Wangoni waliokuja na biashara. Kwa Uchaguzi Mkuu wa 2015 ukapewa jimbo lake, baada ya kuwa ndani ya Njombe Kaskazini. Katika mji wa aina hiyo neno linaloumiza si kabila bali ni uzawa, yaani nani mwenyeji na nani mgeni, na hata hilo hulegea haraka kwa sababu mwenye fremu za duka na mpangaji wake wanahitajiana. Mgombea mwenye busara katika Makambako hujenga jina lake sokoni na stendi kabla ya kulijenga kwenye ukoo.

Serikali ya mwaka 1965 iliijua mapema hatari ya kabila kuamua kura. Katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindanishwa karibu katika kila jimbo, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Walihutubia katika mikutano ileile iliyoandaliwa kwa pamoja, kwa Kiswahili tu, na walikatazwa kutaja kabila, rangi au dini. Waliokosoa mfumo wa chama kimoja walikuwa na haki ya kuukosoa, lakini kanuni hizo za kampeni zilizaa jambo kubwa: mawaziri wawili waliangushwa, mmoja wao akiwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliyekuwa ameujenga ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Kabila lilipozibwa mdomo, na chama kikawa kimoja, mpiga kura alibakiwa na mtu na kazi yake.

Hoja ya nne: takrima

Takrima ni ukarimu anaoufanya mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2000 Bunge liliirekebisha sheria ya uchaguzi ili ukarimu wa kimila ufanywao kwa nia njema usihesabiwe kuwa rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo, kwa shauri lililofunguliwa na asasi tatu za haki za binadamu na mazingira, ikieleza kwamba vinawabagua wagombea wasio na fedha na kwamba hakuna awezaye kuuona mstari kati ya ukarimu na rushwa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Katika nyanda hizi takrima ina kalenda yake. Ulanzi, ile pombe ya mianzi inayogemwa masika, haupatikani Septemba kampeni zinapopamba moto, kwa hiyo kazi hufanywa na pombe ya komoni, vitenge, fulana na nauli. Waliosema kwamba kura hununuliwa kwa komoni hawakuwahi kueleza mnunuzi anathibitishaje alichonunua, kwa sababu kituturi, kile kijumba cha kupigia kura, hakina dirisha. Mnywaji anaweza kunywa kwa mmoja na kumpigia mwingine, na wako wanaojisifu kufanya hivyo. Athari halisi ya takrima ni mbili. Kwanza, asiyetoa chochote huonekana bahili, na bahili haaminiki kuwa atakuwa mwepesi kuchangia msiba. Kumbe kitenge hupokewa kama dalili ya tabia, wala si kama malipo. Pili, gharama hizo huwaondoa mapema walimu wastaafu, wakulima wadogo na wanawake wengi, na hapo mhadhara unarudi kwenye hoja yake ya kwanza.

Hoja ya tano: kazi iliyofanyika, na mgawanyo wa lawama

Hii ndiyo hoja inayostahili muda mrefu kuliko nyingine, na kwa bahati mbaya ndiyo inayodharauliwa. Wataalamu huiita tathmini ya nyuma: mpiga kura huangalia miaka mitano iliyopita na kutoa tuzo au adhabu. Mkulima wa viazi wa Njombe ana kila sababu ya kufanya hivyo. Anayajua mambo matatu kwa uhakika: bei ya mfuko wa mbolea, hali ya barabara wakati wa mvua, na namna gunia lake linavyojazwa. Hilo la mwisho ni lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo na kushonewa nyongeza juu, likanunuliwa kwa bei ya gunia la kawaida. Sheria ya vipimo inaikataza, kila kiongozi ameikemea, na bado malori yameendelea kupita Makambako yakiwa na vilemba. Mgombea anayeahidi kuikomesha hushangiliwa. Anayeulizwa ataikomeshaje hukohoa.

Ugumu wa tathmini ya nyuma ni kujua nani wa kulaumiwa. Barabara kuu na za mkoa, kama ile ya Njombe hadi Makete iliyosubiriwa lami kwa miaka mingi, ziko chini ya TANROADS. Barabara za vijijini tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Diwani hana mamlaka juu ya wakala wowote kati ya hizo mbili, lakini yeye ndiye anayeishi jirani na tope, kwa hiyo adhabu humwangukia. Ruzuku ya mbolea, iliyorejeshwa katika msimu wa 2022/2023 baada ya bei kupanda sana, huamuliwa na kulipwa na Serikali Kuu, ila mbunge ndiye anayeitangaza jukwaani kana kwamba ameinunua. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, umezidisha mkanganyiko, kwa sababu fedha zake ni za umma lakini mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati inayozigawa, na bati za zahanati huitwa bati za mheshimiwa.

Kuna ahadi za aina nyingine, ambazo hazina hata tope la kuzipima. Chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, Ludewa, vimetajwa katika kampeni nyingi kiasi kwamba vijana wamezaliwa, wamesoma na wameoa wakiwa wanavisikia. Mkataba wa ubia kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni moja kutoka China ulitiwa saini mwaka 2011, na chaguzi za 2015, 2020 na 2025 zikapita bila tanuri kuwashwa. Kama mpiga kura angekuwa mpiga hesabu wa Downs, ahadi hiyo ingekuwa imepoteza thamani yote. Haijaipoteza. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba ahadi kubwa humwambia msikilizaji kuwa mahali pake panajulikana, na mtu aliyeko pembezoni hulipa kura yake ili ajulikane. Wakulima wa parachichi, ambao husubiri miaka mitatu au zaidi kabla ya kuvuna, huenda ndio watakaoibadilisha tabia hiyo, maana wamejifunza kuukagua mti kila mwaka hata kabla haujazaa.

Hoja ya sita: dini, jinsia na redio

Mambo haya yatapitiwa kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo. Dini ina uzito Njombe, ambako Walutheri, Wakatoliki na Waanglikana wana dayosisi, shule na hospitali za zamani, lakini kwa kuwa karibu kila mgombea ni mtu wa kanisa mojawapo, kanisa hutumika kama hati ya tabia njema zaidi kuliko kama kambi. Kuhusu jinsia, mkoa huu una historia ya kujivunia: Anne Makinda alikuwa mbunge wa jimbo la Njombe Kusini kuanzia 1995 hadi 2015, na mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Aliyempa ubunge alikuwa mkulima yuleyule anayesemwa kuwa hampi mwanamke kura. Kinachowazuia wanawake wengine ni zaidi ule mchujo wa mwanzo kuliko sanduku. Redio za mkoani, nazo, zimemleta mgombea jikoni, na faida yake kubwa ni vipindi vya kupiga simu, ambamo msikilizaji wa Ikonda anaweza kumsahihisha mgombea aliyeko studio Njombe.

Hoja ya saba: kwenda au kutokwenda

Kubaki nyumbani nako ni namna ya kuamua. Mwaka 2010 waliojitokeza nchini walikuwa asilimia 42.8 ya walioandikishwa. Mwaka 2015, ushindani ulipokuwa mkali kati ya wagombea urais John Magufuli na Edward Lowassa, wakafika asilimia 67.3, na mwaka 2020 wakashuka hadi karibu asilimia 51. Mfululizo huo unaonyesha kwamba watu hupanda kilima kwenda kituoni pale wanapoona matokeo hayajulikani bado. Takwimu rasmi za mwaka 2025, zilizotaja asilimia 87, hazifuati mwendo huo, na kwa kuwa uchaguzi huo uliambatana na maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti, mtafiti mwangalifu hatazitumia kama kipimo cha hamasa mpaka zichunguzwe.

Kwa Njombe kuna jambo la ziada. Sheria humtaka mtu apige kura alikoandikishwa, na watu wa nyanda hizi wana desturi ndefu ya kutoka, tangu babu zao walipokwenda mashamba ya mkonge Tanga hadi Wakinga wa leo wenye maduka Mbeya na Kariakoo. Wengi wao ndio wanaotuma fedha za ada na kushauri kwa simu nani achaguliwe, lakini wao wenyewe hawapigi kura ya nyumbani. Mkoani kuna, kwa maneno mengine, kundi la wapiga kura wasioonekana, ambao ushauri wao huingia kituturini bila mwili wao.

Ndugu wasikilizaji, uchaguzi wa serikali za mitaa unatarajiwa mwaka 2029 na Uchaguzi Mkuu mwaka 2030, na kabla ya hapo kuna kazi ambayo haihitaji kibali cha mtu. Katika kila kituo, kura zikishahesabiwa, karatasi ya matokeo hubandikwa nje, ikakaa siku kadhaa kisha upepo na mvua za Novemba zikaichukua. Mengi yaliyosemwa hapa juu ya tarafa, juu ya mchanganyiko wa Makambako na juu ya adhabu anayopewa diwani yamesemwa kwa kufikiri na kulinganisha, kwa sababu kumbukumbu za kituo kwa kituo hazikuwekwa mahali ambapo mwalimu au mwanafunzi anaweza kuzifungua. Shule za sekondari za kata zipo, walimu wa uraia na historia wapo, na daftari la kurasa 96 lina nafasi ya kutosha kunakili vituo vyote vya kata moja kwa chaguzi tatu. Pembeni mwa hesabu hizo kungeandikwa barabara ipi ilikuwa ya TARURA na ipi ya TANROADS, bei ya mbolea ya msimu ule, na nani alikuwa kwenye orodha na nani aliondolewa. Mhadhara utakaotolewa mwaka 2031 katika ukumbi huu, na mtu mwingine, ungeanza kwa kuyafungua madaftari hayo mezani.